Meli ikichelewa tu, mimi narudi 1996. Naombeni ushauri

Fundi Friji wa Kirumba (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Naandika saa saba usiku, mtoto amelala. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu, maana jambo hili sijawahi kumweleza mtu yeyote lote. Hata mke wangu analijua nusu.

Mimi ni fundi wa mafriji hapa Mwanza, umri miaka 37. Nina mke na binti mmoja wa miaka 9, yuko darasa la tatu. Mke wangu ni mwalimu, na Januari alihamishiwa Ukerewe, shule iko mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Nansio. Mimi nikabaki Kirumba na mtoto. Watu tuliwaambia ni kwa sababu ya kazi yangu na shule ya mtoto, wakakubali. Ukweli ni kwamba sipandi chombo cha majini. Tangu nikiwa na miaka 8 sijakanyaga hata mtumbwi.

Mei 1996 mama yangu alikuwa kwao Kagera akimuuguza bibi. Alipangiwa kurudi na MV Bukoba, ile iliyoondoka Bukoba Jumatatu jioni tarehe 20 na kupitia Kemondo. Jumanne asubuhi baba akanichukua twende bandarini kumpokea, maana angekuja na mikungu ya ndizi na mikono ya kubebea ilihitajika. Nje ya geti kulikuwa na mama anakaanga chapati. Baba akaninunulia moja, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nakumbuka mafuta yalivyokuwa yanaenea kwenye karatasi mpaka maandishi ya upande wa pili yakaonekana. Nakumbuka harufu ya mafuta yale, ya dizeli, na ya ziwa asubuhi. Halafu watu wakaanza kukimbia, mayowe yakaanza, na baba akanikamata kifundo cha mkono. Hakunishika, alinikamata. Chapati ikaanguka chini.

Meli ilikuwa imepinduka kabla ya kufika. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 894. Mama alikata daraja la tatu, na daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina, kwa hiyo jina lake hatukulisikia likisomwa popote. Baba alikwenda siku baada ya siku kutambua miili, akarudi mtupu. Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma. Mimi naishi mji huu huu na sijawahi kufika kwenye makaburi yale.

Sasa njooni kwenye leo. Kila Jumamosi mke wangu anakuja na meli. Ijumaa usiku silali. Akishapanda, nampigia simu kila nusu saa. Mtandao ukikata huko katikati, viganja vinaloa jasho, siwezi kushika hata bisibisi. Nikifika bandarini nikanusa chapati, magoti yanalegea. Na hapa ndipo ninapotaka mnielewe vizuri: sio kwamba wakati ule namkumbuka mama. Simkumbuki kabisa. Ninachojua, kwa uhakika kama ninavyojua jina langu, ni kwamba meli hii ya leo imezama. Kwangu inakuwa habari mpya, ya sasa hivi.

Jumamosi iliyopita ilichelewa kama saa moja. Nilisimama na binti yangu natazama maji. Nikasikia, "Baba, unaniumiza." Kutazama chini, nimemkamata kifundo cha mkono. Nilipoachia, alama za vidole vyangu zilikuwa zimeingia kwenye ngozi yake, vinne upande mmoja na kidole gumba upande wa pili. Akanitazama usoni akauliza, "Mama amekufa?"

Mama yake alishuka dakika chache baadaye na kapu la machungwa.

Mwalimu wake ameniambia kwamba darasa lilipokwenda kisiwa cha Saanane, yeye peke yake aligoma kupanda boti. Aliwaambia wenzake boti zinaua. Wakuu, mimi sijawahi kumwambia maneno hayo. Sijamwambia chochote kuhusu bibi yake, nilidhani kwa kunyamaza namlinda.

Mke wangu naye ameniambia usiku ule: "Mimi siye mama yako. Ni mke wako na niko hai, na nimechoka kupokelewa kama mtu aliyefufuka."

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, huu ni ugonjwa au ni akili? Maana MV Nyerere ilipozama 2018 nilijisemea, unaona, nilikuwa sahihi. La pili, mtoto nimfanyeje?

---

Kijana wa Sengerema

Pole sana kaka. Sina utaalamu, nina hadithi ya mama yangu tu.

Sisi tumevuka Kigongo na Busisi kwa kivuko maisha yetu yote. Mama alikuwa na utaratibu wake: gari likikaribia maji anafungua dirisha, anafungua mkanda, anavua viatu anavitia kwenye mkoba, mkoba anaukumbatia kifuani. Alikuwa na sala yake fupi pia. Hakuwahi kuzama wala kufiwa na mtu pale, ila aliishi miaka mingi na habari za waliozama.

Daraja limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 za zege, unapita juu kwa dakika chache. Mwezi uliopita nimempeleka hospitali. Tulipofika Kigongo nikasikia dirisha linashuka. Nikamtazama, ameshavua viatu, mkoba uko kifuani, midomo inacheza. Tuko darajani, hakuna maji yanayotugusa. Nikamwambia, mama, siku hizi ni daraja. Akanijibu, "Najua mwanangu, nimeliona." Na hakuvaa viatu mpaka tulipomaliza kuvuka.

Nilitaka kucheka nikashindwa, koo lilibana. Najua haijibu swali lako. Ila tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza mimi mwenyewe ni viatu gani navua bila kujijua.

---

Mzee wa Ghana Street

Mimi nitasema wazi kwa sababu yamenikuta. Mke wangu wa kwanza aliondoka kwa ajili ya simu. Sikuwa na hofu ya maji, nilikuwa na mambo yangu ya nyuma ya kusalitiwa, lakini kwa upande wake ilikuwa kitu kimoja: kila akitoka anahesabiwa dakika. Alikuwa analipia deni la mwanamke mwingine ambaye hata hamjui. Mkeo amekwambia kwa maneno manyoofu, na mwanamke anayesema bado yupo. Wangu aliponyamaza ndipo nilipaswa kuogopa. Usichukue miaka minane kama mimi.

---

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Nimefanya kazi ya uuguzi wa afya ya akili miaka 14. Nitajaribu kujibu maswali yote mawili, mnivumilie kwa urefu.

Ndugu, umelieleza tatizo vizuri kuliko wengi wanaokaa mbele yangu, hasa pale uliposema humkumbuki mama. Kumbukumbu ya kawaida inakuja na tarehe yake. Ukikumbuka sherehe ya harusi yako unajua imepita, unatabasamu unaendelea na kazi. Jambo la kutisha, hasa kwa mtoto, mara nyingi halihifadhiwi hivyo. Linabaki vipande vipande: harufu, mlio, kubanwa mkono. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, ukubwa wake kama lozi, inaitwa amigdala. Kazi yake ni kupiga king'ora. Inatambua kipande kimoja tu, chapati kwa mfano, na inapiga king'ora kabla sehemu ya kufikiri haijapata nafasi ya kuuliza huu ni mwaka gani. Moyo unakwenda mbio, jasho, magoti. Kisha akili inatazama mwili ulivyo na inatafuta maelezo, na maelezo yaliyo karibu ni meli iliyo mbele yako. Ndiyo maana inakuwa habari ya leo.

Kwa hiyo sio kichaa wala sio woga wa tabia. Ni kinga iliyofanya kazi siku moja na haikupata kuambiwa kwamba siku ile imekwisha.

Sasa simu. Hili ni gumu kulisikia. Ukipiga na mkeo akapokea, unapata nafuu. Nafuu ile inaufundisha mwili kwamba hatari ilikuwa ya kweli na simu ndiyo iliyokuokoa. Kesho unahitaji simu nyingi zaidi. Kutopanda chombo ni vilevile: kila safari unayoikwepa unatoka na faraja, na hofu inatoka imeshiba.

Kuhusu binti, mtoto hasubiri maneno. Anasoma uso wa mzazi kabla hajajua kusoma kitabu. Wiki baada ya wiki amesimama na wewe bandarini akasoma uso wako, na wewe hukumpa maneno, akayatunga mwenyewe. Ukimya wako haukumficha jambo, ulimwachia atafute majibu peke yake.

Ningekuwa wewe ningeanza hivi. Mweleze mkeo lote, pamoja na chapati. Mkubaliane simu mbili tu, akipanda na akishuka. Halafu chagua siku ambayo humpokei mtu, nenda bandarini, nunua chapati, kaa uile. Moyo utapanda. Usiondoke ukiwa juu, kaa mpaka ushuke wenyewe, na utashuka. Rudia siku nyingine. Unaupa mwili kumbukumbu nyingine ya mahali palepale. Ile ya zamani haitafutika, ila haitakuwa peke yake.

Na usijitibu kwa uzi peke yake. Bugando kuna huduma ya afya ya akili, nenda umwone mtu ana kwa ana. Kama kuna ndoto mbaya zinazojirudia, pombe ya kutafutia usingizi, au mawazo ya kujidhuru, nenda kesho asubuhi.

---

Fundi Friji wa Kirumba

Muuguzi, Mungu akubariki. Nimeisoma mara tatu. Pombe situmii. Ndoto zipo. Pale uliposema nimemwachia mtoto atafute majibu peke yake, nilitoka nje nikakaa.

---

Mkara

Nimekaa kimya nasoma, sasa niseme maana umetaja 2018.

Mimi ni wa Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora. Kivuko kilichotengenezewa watu kama 100 kilibeba zaidi ya mara mbili, na mizigo ya gulio juu yake. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, watu walikuwa wanawaona ndugu zao waliokuja kuwapokea. Walikufa 228. Katika hao wawili ni wa nyumbani kwetu. Kwa hiyo mtu asikwambie hofu yako haina msingi. Ina msingi, na msingi wenyewe mimi nimesaidia kuubeba kwa machela.

Lakini mimi navuka kila wiki. Shamba langu liko huku, soko liko kule, sina njia nyingine. Mwaka wa kwanza nilivuka nimefumba macho. Kilichonibadilisha ni nahodha mmoja mzee aliyeniona akaniambia, fumbua, utazame. Akanifundisha vitu vya kutazama. Mizigo imepangwa katikati au imesukumwa upande mmoja? Chombo kimelala sawa? Watu bado wanaingia wakati nafasi imekwisha? Jaketi okozi ziko wapi, zinafikika au zimefungiwa kabatini? Nimeshashuka mara mbili kwa sababu ya majibu ya maswali hayo, mara moja nikalala Bugolora kwenye benchi la duka. Sikuona aibu.

Hizo zilikuwa hofu za siku ile, za vitu ninavyoweza kuvionyesha kwa kidole. Sasa na wewe ukiwa pale bandarini jiulize, ninachokiogopa kiko hapa? Chapati haizamishi meli, ndugu yangu. Na mtandao katikati ya ziwa unakata hata siku maji yametulia kama ya mtungini. Ukiwa umetekwa na 1996 huwezi kuitazama meli ya leo. Ikiwa siku moja imejaa kupita kiasi kweli, hutajua, maana kwako kila meli inazama.

Kuhusu safari ya kwanza, usianze na ile ndefu ya Mwanza hadi Nansio, ni saa kadhaa. Zunguka na basi kwa Bunda mpaka Kisorya, pale unavuka kwenda Rugezi, ni kipande kifupi na ng'ambo unaiona kwa macho tangu unapoondoka.

---

Bibi wa Nyakato

Mwanangu, mwangaluka. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia haya, mimi nasema.

Mume wangu alikuwa kwenye meli hiyohiyo. Na yeye hakupatikana. Kwa hiyo mimi na wewe ni ndugu, hata kama hatujuani.

Hao waliotangulia wamesema vizuri. Mimi naona jambo moja hawakuligusa. Mtu ambaye hukumzika unaendelea kumngoja. Mimi nilimngoja wangu miaka sita. Mlango ukigongwa usiku nilikuwa najitengeneza kitenge kabla ya kufungua, na nilikuwa najua kabisa amekufa. Wewe ukiwa pale bandarini bado unampokea mama yako. Mkeo anashuka salama na machungwa yake, lakini uliyekwenda kumpokea ni mwingine, na huyo hashuki. Ndiyo maana mkeo akifika furaha haiji, inakuja nguvu kukuishia tu.

Nenda Igoma. Mimi huenda kila tarehe 21 Mei, na siku nyingine nikijisikia. Sijui kama wangu yuko pale, inawezekana yuko, inawezekana bado yuko ziwani. Nilichagua sehemu moja nikasema, hapa ndipo utakuwa. Siku hiyo nililala usingizi.

Baba yako yu hai? Muulize. Wanaume wa wakati ule walirudi kutoka kutambua miili wakaoga, wakakaa kimya, na hakuna aliyewauliza waliona nini.

---

Fundi Friji wa Kirumba

Wakuu, zimepita siku kumi. Nimerudi kama nilivyoahidi kwenye ujumbe kwa baadhi yenu.

Baba yuko hai, ana miaka 74, anaishi Muleba. Tunaongea kila Jumapili: mvua, kahawa, magoti yake, basi. Safari hii nikamwambia, baba, nataka kukuuliza ile asubuhi. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekata. Nikamwambia kwamba ninachokumbuka zaidi ni jinsi alivyonikamata mkono, na kwamba na mimi nimemkamata mjukuu wake vilevile.

Akasema: "Hukumbuki viatu?"

Nikamwambia viatu gani.

Akasema watu walipoanza kupiga kelele mimi nilivua viatu, nikavipanga vizuri pembeni kama mama alivyonifundisha kufanya mlangoni, nikaanza kwenda kwenye maji. Nilikuwa nasema namfuata mama. Nilishafika ukingoni aliponidaka. "Nilikubana nikaogopa kukuachia. Mkono wako ulivimba siku mbili. Kila nikikutazama nilikuwa naona ule mkono, nikaona aibu kuzungumza."

Viatu sikumbuki. Hata leo, nikijaribu, havipo. Nina chapati, nina gazeti, nina vidole vyake, sina viatu. Miaka yote nilichukulia kwamba mkono ule ndio ulionipa habari kwamba mama amekufa. Na baba kwa upande wake aliishi na aibu ya kumuumiza mtoto. Watu wawili, asubuhi moja, na kila mmoja alikuwa amebeba kipande ambacho mwenzake alikihitaji.

Tumelia wote kwenye simu. Baba yangu sijawahi kumsikia akilia.

Igoma nilikwenda peke yangu Jumapili. Makaburi ni mengi kuliko nilivyowazia. Bibi, nimefanya kama ulivyosema, nimechagua sehemu.

Chapati nimekula mara mbili. Ya kwanza nilishindwa kuimaliza.

---

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Nimefurahi sana kusikia. Angalia kitu kimoja: ulichokipata kwa baba hakikubadilisha kilichotokea, lakini mkono ule hautausikia tena kama zamani. Kumbukumbu hazikai kama picha kwenye fremu. Kila ukizitoa zinaguswa na hali uliyonayo wakati huo, na zinarudi zikiwa na alama ya mguso huo. Ndiyo maana ni vizuri kuzitoa ukiwa na mtu anayekupenda. Mtoto umemwambia?

---

Fundi Friji wa Kirumba

Nimemwambia jana. Mke wangu alikuwepo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya meli: ilizamaje, kwa nini hawakuokolewa. Nilishapanga majibu ya umri wake. Nikatoa picha ya mama, ile moja tuliyonayo, amesimama mbele ya nyumba ya udongo na gauni la maua. Binti yangu akaitazama muda mrefu. Swali lake la kwanza likawa: "Bibi alikuwa anapenda nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa pale kama mtu aliyeulizwa lugha asiyoijua. Nimemkumbuka mama kwa miaka karibu 30 kwa asubuhi moja tu, na asubuhi hiyo mwenyewe hata hakuwepo. Miaka 8 niliyoishi naye iko wapi? Tumempigia babu. Tukaweka spika. Amesema alikuwa anapenda ndizi zilizoiva sana mpaka ganda limekuwa jeusi, na alikuwa hodari wa kuigiza sauti za watu wa kanisani. Binti yangu amecheka, na mimi ghafla nikasikia sauti ya mama akimuigiza katekista, kwa pua. Sikujua kama ninayo.

Kisorya nimekwenda Jumatano. Nimwambie Mkara ukweli wote. Basi lilipoingia kwenye kivuko tukashushwa tusimame. Nilishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, dizeli ikanipanda kichwani, na miguu ikaanza. Nikafumbua macho kama ulivyosema. Nikatazama magari, yamepangwa katikati. Nikatafuta jaketi okozi nikaziona. Nikahesabu watu mpaka nikachanganyikiwa nikaanza upya, na katika kuhesabu nikaona mtoto mchanga amelala mgongoni kwa mama yake, mdomo wazi, hana habari. Nikamtazama yule mtoto mpaka Rugezi. Shati lilikuwa limelowa lote. Mke wangu alikuwa amenisubiri na bodaboda. Nilitapika nyuma ya kibanda kabla sijamsalimia, naye akanishikia kichwa, hakusema neno.

Nimelala Nansio usiku mmoja. Ziwa linasikika mpaka ndani, sikulala sana, lakini nilikuwa macho kwa ajili ya ziwa lenyewe. Asubuhi nimetengeneza friji ya jirani yake.

Meli kubwa bado. Sijui lini. Simu tumefikia tatu kwa safari, bado hazijawa mbili. Jumamosi hii ilipochelewa kidogo, binti aliniambia, "Baba, nipe kiganja," akaingiza vidole vyake katikati ya vyangu.

Sasa amesema anataka kwenda kwa mama yake kwa njia ya Kisorya, na mimi. Shule wanatoka mapema Ijumaa. Kuna anayejua kivuko cha mwisho cha Kisorya siku ya Ijumaa huwa ni saa ngapi?

---

Mkara

Usikimbizane na kivuko cha mwisho ukiwa na mtoto, ndicho watu wanachokijaza. Tokeni Mwanza Jumamosi alfajiri, mtavuka bila haraka. Na mkifika pale mwachie yeye achague pa kusimama.